Shajara ya Mratibu, Ifakara

Jumapili, 12 Januari 2025

Nimekubali. Kijana aliyeanzisha mradi wetu ameomba apumzike: amepata mtoto, kazi ya mshahara kule Dar es Salaam inambana mpaka jioni, na maswali ya watu amekuwa akiyajibu usiku wa manane. Kuanzia leo uratibu uko kwangu. Hakuna posho, hakuna ofisi wala barua ya uteuzi. Kuna ghala la msimbo, mwongozo wa Kiswahili ulioishia katikati, kundi la WhatsApp lenye watu kuanzia Mang'ula hadi Nanyuki na Goma, na maswali mengi yanayosubiri majibu.

Niandike wazi tunachofanya, maana hata walimu wenzangu huniuliza. Watafiti wa vyuo vikuu vya Southampton na Oxford, Uingereza, walibuni kinasa sauti kiitwacho AudioMoth. Kinaenea kiganjani, kinatumia betri tatu za AA na kadi ya memori kama ya simu, na unaweza kukipangia saa za kuamka na kulala. Kabla ya hapo watu hao walikuwa wakimtafuta nyenje wa New Forest, mdudu aliyetoweka kwenye msitu huo tangu miaka ya 1990. Leo kifaa chao kinasikiliza popo, ndege, vyura na milio ya bunduki katika misitu ya mabara mengi. Michoro na programu yake viko wazi: unaruhusiwa kuvisoma, kuvibadili na kuvitumia. Upande wa picha kuna MegaDetector, programu huria ya akili mnemba inayopitia picha za kamera za kutega na kutenga zenye mnyama, zenye mtu, zenye gari na zilizo tupu. Haikuambii kama mnyama ni paa au nguruwe pori. Inakuondolea maelfu ya picha za majani yaliyotikiswa na upepo.

Sisi tumeviunganisha hivi katika programu moja ndogo ya Kiswahili, inayofanya kazi bila intaneti kwenye laptopu ya zamani. Basi, ni hiyo tu. Lakini askari wa wanyamapori wa kijiji aliyeishia darasa la saba anaweza sasa kufungua kadi aliyoitundika mwenyewe msituni na kuona kilichomo, kabla mtafiti hajaondoka nayo. Kabla ya hapo alikuwa anabeba vifaa, anaonyesha njia, halafu hasikii tena kilichopatikana. Kwa ajili ya huyo nimekubali.

Alhamisi, 16 Januari

Mzee wa Mang'ula amepiga simu nikiwa napanga vipindi vya muhula. Ni askari wa kijiji, rika la baba yangu mdogo, na hapigi bila sababu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Kile kinasa cha karibu na mto kimezima siku ya tatu. Betri zimetoa maji."

Betri feki tena. Ameshajua ni za duka gani na ameacha kununua pale. Kisha akaniambia mambo ambayo hayamo katika mwongozo wowote niliousoma. Kinasa kifungwe kwenye shina lililoinama, upande wa chini, kipaza sauti kikitazama ardhi, maji yasitulie juu yake. Mkanda upakwe grisi, la sivyo siafu na sisimizi watahamia ndani ya boksi na kutaga. Usikifunge karibu na maporomoko hata kama ndipo wanyama wanaponywea. Utarekodi maji mwezi mzima. Na usikitundike usawa wa mkonga, kwa sababu tembo hupenda kuchunguza kitu kigeni, na akishakichunguza hakirudi.

Nimemwambia nakiandika kama alivyosema, na jina lake litakaa juu ya sura hiyo. Akasita. "Mimi nimesema tu, Mwalimu. Sijaandika." Nikamjibu kwamba sura yote imetoka kinywani mwake, mimi ni karani. Akafikiri, kisha akasema: "Basi andika vizuri, wajukuu watasoma."

Katika miradi ya programu huria, jina lako linaonekana ukiandika mistari ya msimbo. Ukirekebisha herufi moja iliyokosewa, umesajiliwa kama mchangiaji. Ukitembea kutwa kilimani kubadilisha kadi, huonekani popote. Hili nitalibadilisha kabla ya jambo lingine lolote. Kila anayefunga kifaa, anayetambua mlio, anayegundua kwamba mpangilio fulani unamaliza betri, ataandikwa palepale anapoandikwa mwandishi wa msimbo, kwa ukubwa uleule wa herufi.

Jumanne, 28 Januari

Waasi wa M23 waliingia Goma jana. Kaka wa Goma, mwenzetu anayeshughulikia sehemu ya sauti ya programu, hajibu. Ujumbe wangu una alama moja tu ya kijivu, na wa kila mtu kwenye kundi ni hivyohivyo. Dada wa Nairobi anaandika dua kila saa. Ninafundisha huku simu iko mfukoni, jambo ninalowakataza wanafunzi.

Jumamosi, 8 Februari

Yuko hai. Amevuka mpaka na familia yake, wako Gisenyi kwa shemeji. Laptopu imebaki nyumbani, hajui kama bado ipo. Sentensi ya tatu ya ujumbe wake ilikuwa ya kuomba radhi kwamba hajamaliza kazi ya kutenganisha milio ya mbega na kelele za mvua. Nimelia niliposoma. Nimemwandikia kwamba mbega watasubiri, na kwamba tunachotaka kwake ni habari za watoto.

Bado nalazimika kuandika jambo linalonikosesha usingizi. Sehemu ile ya programu, hakuna mwingine anayeijua. Waandika programu wana swali wanaloulizana: wangapi wakiondoka kesho, kazi inasimama? Kwa sehemu ya sauti jibu letu ni mmoja. Kwa nywila za ghala la msimbo, mmoja: mimi. Kwa malipo ya jina la tovuti, bado ni kijana wa Dar es Salaam, kutoka kwenye kadi yake ya benki.

Nimekumbuka kisa cha xz kilichotokea mwaka jana. Ni programu ndogo ya kubana mafaili, imo ndani ya mifumo mingi ya Linux duniani. Kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja wa Finland, Lasse Collin, kwa kujitolea. Wageni wakaanza kumshinikiza: unachelewa, tafuta msaidizi. Msaidizi akapatikana, anajiita Jia Tan, mpole, mchapakazi, akachangia zaidi ya miaka miwili mpaka akaaminiwa. Kisha akapachika mlango wa siri. Machi 2024 mhandisi Andres Freund akaona kuingia kwenye kompyuta kunachelewa kama nusu sekunde, akafuatilia, akaubaini. Dunia ilinusurika kwa sababu mtu mmoja hakupuuza nusu sekunde.

Wengi walitoka na fundisho la kuwaogopa wageni. Mimi naona tofauti kabisa. Mlango ulifunguka pale mtu mmoja alipoachwa abebe mzigo wa wote peke yake, na waliompa mzigo wakarudi tu kumlaumu kwa kuchelewa. Upweke ndio uliovunja kufuli. Lakini mzigo unaweza kugawanywa. Guido van Rossum, aliyebuni lugha ya Python na kuiongoza kwa karibu miongo mitatu, alijiuzulu Julai 2018 akiwa amechoshwa na mabishano, na hakutaja mrithi. Jumuiya ikajipangia utaratibu, na mwaka 2019 ikachagua baraza la watu watano. Mradi wa Linux uitwao Debian huchagua kiongozi kila mwaka. Hao wana maelfu ya watu. Sisi ni wachache, lakini uchovu haubagui.

Jumapili, 23 Februari

Leo mvua, umeme umekatika, nimesoma kwa taa ya sola.

Kila mtu akitaka kusifu kujitolea katika kazi hii hutaja Serengeti, na kwa haki. Mwaka 2010 Ali Swanson wa Chuo Kikuu cha Minnesota alianza kufunga kamera pale, jumla 225. Zilileta picha nyingi kuliko timu yoyote inavyoweza kupitia. Zikawekwa mtandaoni, na zaidi ya watu 28,000 wakakaa majumbani mwao wakizitambua: huyu nyumbu, huyu swala tomi. Majibu yao yalipokusanywa yalilingana na ya wataalamu kwa zaidi ya asilimia 96. Na kule Mafia, picha za watalii wanaoogelea na papa potwe hutumika kumtambua kila mmoja kwa madoa yake. Njia hiyo, iliyochapishwa mwaka 2005, iliazimwa kutoka kwa wanaastronomia wanaolinganisha makundi ya nyota. Kila nikiwaeleza wanafunzi hilo, darasa linanyamaza.

Ila kuna tofauti ninayotaka kuishika. Anayejitolea kutoka sebuleni Ulaya anatoa jioni yake. Anayejitolea Mang'ula anatoa siku ya palizi ya mpunga. Ananunua bando kwa fedha ya chumvi. Akikutana na nyati njiani hakuna bima. Wote tunawaita wajitoleaji, na shukrani tunayowapa ni ileile, lakini gharama hazifanani hata kidogo. Kuna mradi mmoja niliowahi kusaidia ambao uliandika kwa fahari katika taarifa yake kwamba kazi yote ya msituni imefanywa bila malipo. Nilisikia aibu kwa niaba yao. Kujitolea kunakomfanya maskini amchangie mwenye nacho si kujitolea ninakotaka kukuongoza.

Kwa hiyo msaada mdogo wa fedha tuliopewa nimependekeza ugawiwe hivi: kwanza nauli, mabuti na bando la walio msituni, pili betri nzuri na kadi, kikibaki, ndipo tulipie jina la tovuti. Hakuna aliyepinga. Dada wa Nairobi, ambaye yeye ndiye mwandika msimbo wetu bora, aliandika tu: "Ilikuwa iwe hivyo tangu mwanzo."

Jumatano, 12 Machi

Siku nzito.

Kamera moja iliyofungwa pembezoni mwa msitu wa kijiji imewapiga picha akina mama wanne wakiwa na mizigo ya kuni. Mmoja amejifunga kanga kifuani tu, amevua blauzi kwa joto. Programu iliziweka picha hizo kwenye folda ya "mtu" kama ilivyoagizwa. Leo kiongozi mmoja wa eneo ameniomba folda hiyo. Ana adabu, hakunitisha. Alisema ni kwa ajili ya ulinzi.

Kuni hapa si jambo dogo. Zamani wanawake wa vijiji vya chini ya milima ya Udzungwa waliruhusiwa kuokota kuni kavu ndani ya hifadhi ya taifa. Ruhusa hiyo ilifutwa mwaka 2011. Tangu hapo kila mwanamke mwenye mzigo kichwani anatazamwa kama mshukiwa, hata akitokea kwenye shamba lake. Na mimi ndiye mwenye picha.

Nimekataa kwa sasa. Nimesema uamuzi si wangu peke yangu.

Usiku huu nimerudia kusoma utafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge uliotoka Novemba mwaka jana, kuhusu hifadhi ya Corbett, India. Wanawake pale huingia msituni kutafuta kuni na majani, na pia kupumua mbali na wanaume. Huko huimba na kusimuliana. Kamera zilizofungwa kwa ajili ya chui milia zikawa zinawatazama wao. Picha ya mwanamke mmoja ikasambazwa kwenye simu za watu, na wanakijiji wakavunja kamera. Wengine waliacha kuimba, na katika msitu wenye tembo na chui milia, kuimba kulikuwa ni kujitangaza ili mnyama akupishe. Kifaa cha kulinda wanyama kikaongeza hatari kwa binadamu.

Nawaza juu ya kamera hizihizi. Mwaka 2005 kamera iliyofungwa katika msitu wa Ndundulu, juu ya milima hii ninayoiona kutoka darasani, ilipiga picha ya sange ambaye sayansi haikumjua: uso wa kijivu, mgongo mwekundu, mkubwa kuliko sange wote. Mwaka 2008 akatangazwa rasmi. Mnyama aliyeishi kimya miaka yote hiyo alijulikana kwa sababu kamera haichoki kungoja. Naipenda kazi hii kwa sababu ya habari kama hizo. Ndiyo maana siwezi kuvumilia kamera ileile igeuke kuwa shahidi dhidi ya mama anayetafuta cha kupikia.

Jumamosi, 15 Machi

Tumekutana Mang'ula alasiri, mapema ili waliofunga wawahi futari. Akina mama wanne walikuwepo, na wengine zaidi. Mwenyekiti wa kitongoji, askari wa kijiji watatu, mimi.

Nilieleza kilichotokea bila kuficha, kisha nikakaa chini. Mama aliyeonekana kwenye picha, yule wa kanga, alisimama. Alisema hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kamera ipo pale. "Mngeniambia, ningepita njia nyingine. Sikatai mmpige tembo picha. Tembo ndio wanakula mpunga wangu, nataka mjue wanapopita. Lakini mimi mlinipiga kwa ruhusa ya nani?"

Mzee wa Mang'ula hakukubaliana moja kwa moja, na namheshimu kwa kusema hadharani. Yeye ndiye anayeng'oa mitego ya waya. Alisema mwindaji naye ni mtu, na programu ikifuta kila mtu itamfuta na mwindaji. Ni kweli. Tulikaa na hoja hiyo muda mrefu. Mwishowe ni yeye aliyeipatia njia: doria ina vyombo vyake, taratibu zake na watu walioapishwa, kazi ya askari ifanywe na askari. Kifaa cha kuhesabu wanyama kisifanye upelelezi kwa mlango wa nyuma, maana siku wanakijiji wakikiogopa watakivunja, na wanyama hawatahesabiwa tena wala mwindaji hatakamatwa.

Tulichoafikiana, na nitakiandika kwenye kanuni kama kilivyosemwa: kamera isifungwe kabla mahali pake hapajatajwa kwenye mkutano wa kitongoji; akina mama wana haki ya kukataza kamera isifungwe kwenye njia fulani; picha yenye mtu ifutwe na programu yenyewe kabla macho ya mtu yeyote hayajaifikia. Zile za kuni tumezifuta palepale, wao wakitazama skrini.

Dada wa Nairobi amekesha akiandika msimbo wa kufuta. Kosa kubwa linaloweza kutokea ni programu kumdhania mbega kuwa mtu na kumfuta. Tumekubali hasara hiyo.

Jumatatu, 7 Aprili

Siku ya Karume, hakuna shule. Masika imeshika, njia ni tope.

Mwanafunzi wa shahada ya uzamivu barani Ulaya ameomba data zetu zote za sauti za tembo pamoja na nukta za GPS. Ameandika kwa heshima na amenikumbusha, kwa haki, kwamba mradi wetu unajiita huria. Kaka wa Nanyuki anamuunga mkono. Yeye ameona faida ya kufungua: karibu na kwao, kule Nyeri, maabara ya DSAIL ya Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi imeunda kamera za kutega kwa kompyuta ndogo za Raspberry Pi, na imetoa kwa umma mkusanyiko wa picha uitwao DSAIL-Porini, ili yeyote afundishie kompyuta kutambua wanyama wa Afrika badala ya kulungu wa Marekani. "Tukifungia, tunarudi kulekule kwa watafiti wanaoondoka na kadi," aliandika.

Ana hoja, na inaniuma kwa sababu ni hoja yangu mwenyewe imegeuzwa. Lakini msimbo na mahali alipo tembo si vitu vya aina moja. Msimbo ukisambaa unaongezeka nguvu. Njia ya tembo ikisambaa, tembo anakufa. Tanzania ilikuwa na tembo takriban 109,000 mwaka 2009. Sensa ya 2014 ilikuta takriban 43,000. Sehemu kubwa ya hasara hiyo ilikuwa kusini, kwenye Selous, ng'ambo ya bonde hili. Ushoroba unaounganisha hifadhi za Udzungwa na Nyerere umebaki mwembamba, unapita katikati ya mashamba, na barabara imechimbiwa njia ya chini ili tembo wapite. Ukijua siku na saa wanapopita pale, huhitaji kuwatafuta.

Hata iNaturalist, tovuti ambapo watu huweka viumbe waliowaona na ambayo imejengwa juu ya uwazi, huficha mahali halisi pa viumbe walio hatarini: huonyesha nukta ya kubahatisha ndani ya mraba wa nyuzi 0.2 kwa 0.2, yaani kama kilomita 22 kila upande kwa huku kwetu. Nimependekeza tufanye vivyo hivyo kwa tembo. Sauti zote zitolewe bure, zikiwa na mwezi na mraba. Nukta kamili zibaki kijijini, na anayezihitaji aje kuziomba kwa walio pale, ana kwa ana. Mwanafunzi amejibu kwamba atakuja Agosti. Nimefurahi sana. Akija atafikia kwa mzee, na atalala akiwasikia tembo wakipigiwa madebe mashambani.

Jumapili, 11 Mei

Mkutano kwa simu, saa tatu nzima, mtandao ukikatika kila mara. Tumeunda baraza la watu saba. Wanne ni lazima wawe watu wanaoishi kando ya msitu au hifadhi. Kila nywila inashikwa na watu wawili. Muhula ni mwaka mmoja, na mratibu ni mjumbe kama wengine, kura moja. Jambo lolote linalogusa picha za watu au mahali pa wanyama halipiti bila wawili kati ya wale wanne.

Kaka wa Nanyuki alisema tutachelewa. Nilimjibu kwamba ndiyo, tutachelewa, na kwamba nimeona kitu kilichofanywa haraka bila watu hawa kinavyofutwa mbele yao kwenye skrini. Baadaye alinipigia peke yake. Alisema anabaki, na kwamba atamfundisha binti wa mzee wa Mang'ula kuandika msimbo. Binti huyo amemaliza kidato cha nne, anauza vocha kwenye kibanda, na kwa miezi kadhaa amekuwa akirekebisha laptopu ya askari bila kuambiwa na mtu.

Kaka wa Goma alikuwemo, sauti yake ikija na kupotea. Ameanza kumrithisha dada wa Nairobi ile sehemu ya milio, mstari kwa mstari. Mama yangu aliuliza kutoka jikoni ni nani anaongea Kiswahili kitamu hivyo. Nikamwambia ni Mkongo, mama. Akasema mwambie namsalimu, na familia yake.

Jumamosi, 21 Juni

Kura ya kwanza nzito, na nimeshindwa.

Tumepewa vinasa vipya vichache. Mimi nilitaka vipelekwe juu, kwenye misitu ya mangabe wa Sanje, nyani ambaye wataalamu hawakumjua mpaka 1979 na ambaye hayupo popote duniani isipokuwa kwenye milima hii. Niliandaa hoja kwa juma zima, na ramani. Wajumbe wa kando ya hifadhi wakasema hapana: vifungwe ukingoni mwa mashamba, kwenye uzio wa mizinga ya nyuki wa kuzuia tembo, wajue ni usiku gani tembo wanafika, wanageuka au wanapenya. Mavuno yameisha, wakati wa kupima uzio ni kabla ya msimu ujao. Nilisema mangabe hana mtu wa kumsemea. Mzee akajibu kwa upole kwamba mtu aliyelala njaa hawezi kumsemea nyani, na kwamba mwaka ujao vinasa vikirudi salama atanipeleka Sanje yeye mwenyewe.

Kura nne kwa tatu. Bado naamini hoja yangu ilikuwa nzuri. Nimeipinga yao mpaka dakika ya mwisho, na sasa ni uamuzi wetu, na kazi yake ni yangu pia. Mpangilio wa vinasa kwa ajili ya uzio umeandikwa na binti wa mzee, kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi kumi na mbili alfajiri, dakika tano kila robo saa ili betri zidumu. Dada wa Nairobi ameukagua, mzee ameuidhinisha kwa namba yake mwenyewe. Umeingia kwenye ghala la msimbo mchana, mimi nikiwa sokoni nanunua samaki, na hakuna aliyehitaji kunipigia.

Jumatatu nitaanza sura ya uzio wa nyuki. Mzee anasema kwanza nije nione mizinga inavyoning'inizwa, maana nilivyoeleza kwenye rasimu si sawa na upepo wa kule. Nimwulize pia kama grisi ya kuzuia siafu haitawadhuru nyuki.